Bibi Mizani wa Chumba cha Wadogo

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Bibi Mizani, alizaliwa Jumatatu tarehe 9 Juni 1952, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa fundi baiskeli na mshonaji wa mashuka ya hospitali. Waliomlea walisema alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno, na hakuacha.

Januari 1960 alipelekwa darasa la kwanza. Hakuwa amewahi kukaa na watu wasio wa nyumbani kwao, basi alilikumbatia geti la shule akalia mpaka mwalimu akanyoosha mikono. "Mrudisheni akakue kwanza," alisema mwalimu. Mwaka mzima ukapotea hivyo. Aliporudi 1961 alikaza buti, akamaliza darasa la nane mwaka 1968, kisha akasomea usaidizi wa zahanati kwa miaka miwili. Aibu ya getini hakuisahau, na alisema wazi kwamba mtoto hapaswi kuikuta shule kama mgeni.

Alifanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto kuanzia 1971 hadi alipostaafu 2012, chumba namba tatu, kwenye mizani ya kuning'iniza karibu na dirisha. Kila mama aliambiwa kilo za mwanawe, kisha akaulizwa, "Jana mlizungumza nini?" Mama mmoja kijana alishangaa.

"Nizungumze naye nini, na yeye hajui kusema?"

"Na wewe mwanangu, ulizaliwa unajua kusema?"

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na kinyozi aliyekuwa amemleta mtoto wa dada yake kupimwa uzito. Marehemu alisoma mizani, akamtazama kijana yule juu hadi chini, akasema, "Mtoto hajambo. Mjomba ndiye amepungua." Kinyozi alirudi wiki iliyofuata bila mtoto.

Mwaka 1994 alimwomba mwalimu mkuu wa shule jirani stoo ya madawati mabovu, ili watoto wasiofika umri wa shule wacheze humo na wazazi wao kila asubuhi. "Mama, mle mna panya," alionya mwalimu mkuu. "Panya watahama, mwalimu. Hawa wangu ndio hawana pa kuhamia." Stoo ikageuka Chumba cha Wadogo. Muuguzi akakubali kutoa chanjo pale pale, na fundi cherehani akaleta vitambaa vya kutengenezea midoli. Seremala alijitolea kutengeneza mabenchi, ila kipimo alikichukua kwa binti yake wa darasa la saba. Miguu ya watoto ikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Akayakata, yakayumba, akayakata tena, yakaegemea upande wa pili. Mwishowe watoto wakakaa chini na mabenchi yakawa meza. "Ndivyo nilivyokusudia," alisema seremala, na mpaka leo hajabadilisha kauli.

Akina baba hawakuonekana. Basi marehemu alimgeukia mumewe: "Wanaume hawa siwapati kliniki. Kwako wanakaa nusu saa na hawawezi kukimbia." Kuanzia hapo kinyozi kila alipofika katikati ya kichwa cha mteja, alisimamisha mkasi, akauliza, "Mwanao umemsimulia hadithi gani wiki hii?" Dereva mmoja alikasirika akaondoka na nusu kichwa. Jioni alirudi na hadithi ya fisi. Haikuwa na mwisho, lakini alimaliziwa nywele.

Februari 2023 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, akalazwa majuma matatu. Majuma hayo yote Chumba cha Wadogo kilibaki kimefungwa, maana kila mmoja wa wasaidizi wake alidhani mwenzake amefungua. Habari hiyo ilimuuma kuliko sindano. Aliwaita wote watano kitandani: mwalimu mkuu, muuguzi, fundi cherehani, seremala na mumewe.

"Mnaniombea nipone, au mnaniombea nikafungue mlango?"

Akawagawia siku, kila mtu yake, Jumatatu hadi Ijumaa, na tangu hapo mlango haukukosa mtu. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Tunaumia, lakini tumecheka naye sana.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, na kitukuu mmoja wa kilo sita na nusu, aliyempima mwenyewe juma lililopita.

Ndugu mlioitwa kwa mazishi ya saa nne asubuhi kisha mkaambiwa saa tisa alasiri, mtuwie radhi. Familia ilipopanga saa nne, mzee kinyozi alikataa. "Ijumaa ni zamu yangu," alisema. Leo amefungua saa mbili, amesimulia hadithi mbili, amewaaga watoto saa sita, ndipo amekuja kumzika mkewe.

Bibi Mizani, lala kwa amani. Watoto wamefunguliwa mlango.