Kitasa cha Ufunguo Mmoja

Benchi liko chini ya dirisha la kinyozi, ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwa Chenji. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na anayekaa katikati hushuka kidogo. Wanaokaa hapo jioni wanajulikana. Kinyozi hutoka nje akikosa kichwa cha kunyoa. Waziri alipewa jina hilo kwa sababu ana mpango kwa kila jambo na hajatekeleza hata mmoja. Fundi Vitasa huja na mkoba wa bisibisi, huuweka kati ya miguu na kunyamaza. Mama Kahawa ana birika na vikombe, na hana haraka. Chenji aliitwa Chenji kwa sababu hajawahi kuondoka dukani bila kusubiri chenji, hata siku alizolipa pesa kamili. Jioni hiyo alivuka barabara akiwa peku, akachomeka simu yake kwenye umeme wa kinyozi kama kawaida, kwa kuwa umeme wa kwake anaulipia. Nyuma yake upepo ukaubamiza mlango, na mlango ukajifunga.

Kinyozi: Umemfungia nani ndani?

Chenji: Kuku.

Kinyozi: Kuku mzima?

Chenji: Yuko kwenye sufuria. Sufuria iko jikoni, jiko linawaka, na mama mkwe yuko njiani.

Waziri: Ufunguo?

Chenji: Uko ndani, kwenye msumari.

Waziri: Na mkeo hana wake?

Chenji: Kitasa kile nilikinunua kikuukuu, bei ya kutupa. Kilikuja na ufunguo mmoja. Tunapokezana.

Fundi: Nilikwambia nikuchongee wa pili.

Chenji: Ukasema kwa malipo.

Fundi: Ndiyo, kwa malipo.

Chenji: Hapo ndipo tulipoachana.

Akaeleza hali ilivyo. Mkewe alikwenda stendi kumpokea mama yake, ambaye tangu harusi hajafika kwao. Mama alisema kwenye simu kwamba anakuja kuona mwanawe anaishije, na asiporidhika atarudi naye, akapumzike kidogo nyumbani.

Kinyozi: Mapumziko hayo nayajua. Dada yangu alikwenda kupumzika. Sasa hivi ana duka huko huko.

Chenji: Ndiyo maana nimekuja mnisaidie mawazo.

Fundi: Nikafungue?

Chenji: Bei gani?

Fundi akataja bei. Chenji akashika kifua.

Chenji: Kwa kufungua tu?

Fundi: Kwa kufungua tu.

Chenji: Na nikifungua mwenyewe nusu, wewe ukamalizia?

Fundi: Mlango haufunguki nusu, ndugu yangu.

Waziri: Usimlipe. Akili zipo hapa, za bure. Ila mimi koo likikauka, na kichwa hukauka.

Chenji akaagiza kahawa kwa wote. Fundi naye akapewa, maana haikuwa adabu kumruka.

Kinyozi: Kuku si ataungua?

Chenji: Hawezi. Ni kuku mzee, nimempata kwa nusu bei. Yuko motoni tangu asubuhi. Kabla sijatoka nimemchoma uma, uma ukapinda.

Mama Kahawa: Gesi uliyomtilia si ingekununulia kuku wawili wachanga?

Chenji: Gesi nilikuwa nayo tayari, mama. Kitu ulichonacho tayari hakina bei.

Waziri: Wahenga walisema akiba haiozi. Ndiyo maana kuku yule haivi.

Kinyozi akatoa shauri la kwanza. Dirisha la mbele lina mwanya juu, basi wapitishe waya wenye ndoana, wauvue ufunguo msumarini. Chenji hakuona sababu ya kununua waya wakati chaja ya Kinyozi ina waya mrefu. Wakaenda wawili. Waliporudi, Kinyozi alikuwa mikono mitupu.

Kinyozi: Sasa na chaja yangu iko ndani.

Chenji: Iko salama. Pale haingii mwizi.

Kinyozi: Na wewe huingii.

Chenji: Mama, mimina tena. Waziri bado hajaamka vizuri.

Waziri akanywa, akapangusa mdomo.

Waziri: Tung'oe bati moja. Tumwage ndoo ya maji kutoka juu, moto uzimike. Na kwa vile maji yakimwagika hayazoleki, sakafu itakuwa imeshapigwa deki.

Fundi: Moto ukizimwa na maji, gesi inaendelea kutoka.

Waziri: Basi tutamwaga kiasi. Kuku ataongezewa mchuzi.

Kinyozi: Na mvua ikinyesha pale palipong'olewa?

Waziri: Anaweka pipa. Bili ya maji inapungua.

Chenji: Hapo kwenye bili umesema kitu.

Kinyozi: Ndugu yangu, unataka kuishi bila bati ili uoge bure?

Waziri: Kama bati hamlitaki, tuchimbe. Penye nia pana njia. Tunaanzia nje, tunapita chini ya ukuta, tunatokea jikoni. Vibarua watatu, si zaidi. Ukishaingia, shimo linabaki mali yako. Unahifadhi vitunguu humo. Na mlango hutautumia tena.

Chenji: Kitasa kisipotumika hakichakai.

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeanza kuamini. Akaagiza kahawa nyingine.

Kinyozi: Mkweo atafika vibarua hawajapata majembe.

Waziri: Ndiyo maana nina mpango wa muda. Nyumba ya pale kona ni tupu. Unaipanga, mama anapokelewa pale, anaambiwa ndiyo kwenu. Kuku tunaagiza hotelini, aliyeiva.

Kinyozi: Mwenye ile nyumba hapokei kodi chini ya miezi sita.

Waziri: Miezi sita ukiigawa siku kwa siku, siku moja inakuwa karibu na bure.

Chenji akafumba macho akaigawa.

Fundi: Bei yangu ni ile ile.

Chenji: Ndilo tatizo lako. Hushuki.

Mama Kahawa: Baba, kahawa uliyokwisha agiza hapa imeshaipita bei ya Fundi.

Chenji: Kahawa nimeinywa, mama, iko tumboni. Mlango ukifunguliwa mimi nakunywa nini?

Wakati huo wanawake wawili walikuwa wanakuja kutoka upande wa stendi kwa miguu. Mke wa Chenji alibeba mabegi yote mawili. Mama yake alitembea mbele, kilemba kikiwa kimenyooka, viatu mkononi.

Chenji: Shikamoo mama.

Mama Mkwe: Marahaba, baba. Mbona peku?

Chenji: Viatu vimo ndani, mama.

Mama Mkwe: Vizuri. Soli ikiisha hairudi.

Akakaa katikati ya benchi, ubao ukashuka. Chenji akamweleza habari ya mlango na ya shimo la Waziri huku akitazama chini. Alieleza na ya kuku, kwa kuwa moshi mwembamba ulikuwa umeanza kutoka kwenye mwanya wa dirisha. Mama Mkwe alisikiliza yote. Kisha akamgeukia Fundi, akamuuliza bei. Fundi akaitaja.

Mama Mkwe: Kwa kufungua tu?

Chenji akainua kichwa.

Mama Mkwe: Na wewe baba, hilo shimo umesema linaanzia wapi?

Waziri alikuwa hajawahi kuulizwa swali la pili juu ya mpango wake wowote. Akasogea mbele, akachora ukuta vumbini kwa kidole cha mguu.

Mama Mkwe: Vibarua wa nini? Mkwe wangu ana mikono. Na udongo msiumwage. Watu wanajenga, udongo unauzika.

Chenji: Mama, mimi nilikuwa na wasiwasi utaniona nabana mno.

Mama Mkwe: Nani alikwambia? Mimi niliogopa mwanangu ameolewa na mtu anayetapanya. Kwenye simu analalamika tu, hasemi la maana.

Mke wa Chenji aliyasikia hayo akiwa bado amesimama. Habari ya kuuza udongo ilipoanza, alishusha mabegi, akafungua pindo la khanga, akampa Fundi noti. Fundi akachukua mkoba. Waziri alikuwa bado yuko chini ya ukuta katika maelezo yake mlango ulipofunguka ng'ambo. Mwanamke akaingia. Moshi ukatoka, kisha ukakatika. Mkono ukatokea dirishani, ukaitundika chaja ya Kinyozi kwenye nondo. Fundi akarudi peke yake, akakaa.

Fundi: Tayari.

Chenji: Amelipa yote? Hakuomba umpunguzie?

Fundi: Hakuuliza bei.

Chenji: Na kuku?

Fundi: Chini ameungua. Juu bado mgumu.

Chenji: Si haba. Mama, karibu nyumbani.

Fundi: Umefungwa.

Chenji: Si umeufungua sasa hivi?

Fundi: Niliufungua. Akaingia, akafunga kwa ndani. Ufunguo anao yeye. Nimechukua alama ya ufunguo kwenye sabuni, ameniagiza nichonge wa pili. Na huo kaulipia kabisa.

Chenji alitazama mabegi mawili pale chini, kisha akamtazama Mama Mkwe, ambaye ndiye aliyeuliza.

Mama Mkwe: Huo wa pili ni wa nani?

Fundi alisema hakuambiwa. Waziri akaanza kuuchora ukuta upya.