Kitambaa Juu ya Ngoma za Cyprien

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria motoni apunguze makaa kidogo, asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Cyprien Ciza, fundi seremala wa Kasenga, hapa kwetu Uvira, na mpiga ngoma za batri wa kwaya. Cyprien ametutoka kwa ugonjwa wa kifua. Tumemzika, na bado inatuuma.

Cyprien alizaliwa Katogota, katika mashamba ya bonde la Ruzizi. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Mama Pudentienne, akahamia naye Kasenga, akamlea hapa mpaka akajua kushika randa. Mchana Cyprien alitengeneza milango na vitanda. Jioni alikuwa kanisani, nyuma ya batri.

Mnaijua batri, wasikilizaji wapendwa. Kuna ngoma kubwa ya mguu, kuna ile ndogo yenye mlio mkavu, kuna masahani ya shaba. Na katikati kuna ngoma wanazoziita tomu. Cyprien aligombana na tomu hizo miaka mingi, na aliyeanzisha ugomvi ni mama yake.

Mama Pudentienne haoni. Macho yalimwisha siku nyingi. Lakini aliimba kwaya, safu ya nyuma, karibu na mlango unaoingiza upepo wa ziwa. Mkono wa mwongozaji hakuuona, kwa hiyo alifuata ngoma. Jumapili moja akaingia wimbo kabla ya wenzake, peke yake, sauti juu. Kanisa zima likageuka. Wengine, Mungu awasamehe, walicheka.

Nyumbani akamwambia mwanawe: "Minye nasikia ngoma mu tumbo, Cyprien. Lakini sijue mukono yako inaanguka saa gani. Ni afazali niache kuimba."

Mjane wake, Aline, anaikumbuka siku hiyo. "Alisukuma bugali pembeni," anatuambia. "Akasema, mama akiacha kuimba, nayeye anaacha kupiga."

Basi Cyprien akaanza kazi. Kwanza alikaza ngozi za tomu. Pigo likasikika, lakini uzito wote ukakimbia, ngoma zikalia kama masufuria matupu. Akazilegeza. Uzito ukarudi, pigo likapotea tena, utadhani anapiga godoro. Alitaka vyote viwili, pigo na kina. Watu wakamwambia anajisumbua bure. Naye alikuwa mbishi, tuseme ukweli, mbishi wa kukesha na jambo moja mpaka mkewe achoke.

Ndipo akakitazama kitambaa. Kwaya yao ilikuwa imezoea kutandika kitambaa juu ya tomu, zisivume sana chini ya mabati. Cyprien akakiondoa. "Hiki ndicho kinakula mukono," akasema. Akalegeza ngozi ya juu mpaka ibaki kidogo tu ijikunje. Ile ya chini akaikaza kidogo. Ngoma ikapumua, kina kikaja. Kilichobaki ni pigo.

Wakati huo kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua, na hospitali walikuwa wamempiga picha, ile ya plastiki nyeusi inayoonyesha mbavu. Aline akamkuta ameshika mkasi.

"Weye! Unakata picha ya kifua? Munganga akiiomba?"

"Munganga alishaiona," Cyprien akajibu. "Sasa nayo ifanye kazi."

Akakata viduara vidogo, akavigundisha juu ya ngozi za tomu, pale pale fimbo inapoangukia. Plastiki ngumu ikatoa pigo, ngozi iliyolegea ikatoa kina. Ta, halafu duuum. Cyprien alikuwa na maneno yake: "Ngoma iseme kwanza, halafu ilie."

Jumapili iliyofuata Mama Pudentienne aliingia wimbo sawasawa na wenzake. Aline alimwona akikanyaga sakafu kwa mguu, uso umefunguka. Hakukosea tena, na hakuna aliyecheka tena.

Sasa twende kwenye mazishi, wasikilizaji wapendwa. Kwaya hiyo ina desturi yake. Mwenzao akifariki, ngoma huvalishwa kitambaa cheusi ili zilie polepole. Ni heshima. Mwongozaji wao, Apolline, alizifunika kwa mikono yake mwenyewe, huku akilia. Fiston, aliyekuwa akipokezana batri na marehemu, akakaa kupiga.

Wimbo ukaanza. Mama Pudentienne, aliyekaa kando ya jeneza, hakuimba. Mdomo ulifunguka, ukafumba. Wote walidhani ni uchungu. Hata Aline alidhani hivyo. Kisha mama akasema, na kanisa lote likamsikia:

"Mumefunika mutoto yangu mara mbili."

Wimbo ukakatika. Apolline alibaki na mkono hewani. Aline ndiye aliyeelewa. Alisimama na nguo zake za msiba, akaenda kwenye batri, akavuta kitambaa cha kwanza, kisha kingine. Chini yake akaona kile kiduara cha plastiki, na mstari mweupe wa ubavu umekipita katikati. Akaweka kiganja chake hapo. Kisha akamgeukia Fiston.

"Piga, Fiston," akasema. "Pigia mama."

Ta. Duuum. Na Mama Pudentienne akaingia wimbo, sawasawa na wenzake, kando ya jeneza la mwanawe.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa pole kwa Aline, kwa Mama Pudentienne, kwa kwaya na kwa ndugu wote wa Kasenga na Katogota. Bwana awatie nguvu. Nanyi mlio majumbani, tafakarini pamoja nasi. Pengine kwenu pia yuko mtu wa safu ya nyuma, na heshima yenu yote mnayompa inamzuia kusikia. Mwendeeni leo, mkamuulize anasikia nini.

Na wewe Mama Pudentienne, tunajua uko unatusikiliza. Apolline ametuomba tukufikishie ujumbe: kitambaa amekipeleka nyumbani. Jumapili uje, mama. Ngoma ziko wazi.