Maua ya Chungu cha Ikombe

Damari wa Ikombe hakupanda kosta ile kugombana na mtu. Alikuwa anapeleka vyungu alivyofinyanga mwenyewe Kyela mjini. Lakini kwenye kiti cha mbele yake mkulima mmoja wa Ikolo alikuwa anamweleza jirani yake, kwa sauti ya mhubiri: "Vyungu vya Wakisi wa Ikombe ni takataka tu! Nimefukia kimoja kando ya mpunga wangu, nikatia maji ili panya watumbukie wafe. Wiki mbili hajaingia hata mmoja, na mpunga wanaumaliza!"

Damari akashindwa kuvumilia. "Baba, mdomo wa chungu uliuacha sawa na ardhi?"

"Hapana. Nilifukia kitako tu."

"Kumbe! Ulitaka panya watafute ngazi?"

Abiria wakaangua kicheko. Yule baba akavimba. "Mama, chungu chenyewe kimechorwa maua meupe ubavuni. Mke wangu alinikataza kabisa kuyafukia."

Damari akatazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na rangi ile nyeupe ya kuchorea maua. Gari likasimama njia panda ya Ikolo.

"Shuka, baba. Umsalimie mama. Mwambie hata panya wameyapenda maua yangu; wamekaa nje wanayatazama, huku wanakula mpunga wenu."