Mwalimu Eufrazia na Mji wa Pripyati

Marehemu Mwalimu Eufrazia Leodgar alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 1969, katika nyumba za reli karibu na stesheni ya Mpanda. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Leodgar, fundi wa reli, na Mama Kasilda, ambao wote wametangulia. Baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja tu, Gervas, mwaka 1972. Mama Kasilda alikuwa akisimulia kwamba treni ikiondoka, Eufrazia alitaka kujua inakwenda wapi. Akiambiwa Kaliua, aliuliza baada ya Kaliua kuna nini. Akiambiwa Tabora, aliuliza baada ya Tabora. Mzee Leodgar alichoka kujibu, akamnunulia ramani ya dunia.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1977 hapa hapa Mpanda, akamaliza la saba mwaka 1983. Mwaka ule, katika shule yake nzima, msichana aliyechaguliwa kwenda sekondari alikuwa yeye peke yake. Baba alichinja mbuzi. Miaka mitatu baadaye Gervas naye alimaliza, hakuchaguliwa, na hakuna aliyechinja hata kuku. Hilo linatajwa hapa kwa sababu yaliyofuata yalianzia hapo.

Eufrazia alisoma sekondari ya wasichana mkoani Tabora, kuanzia 1984 hadi 1987. Shuleni kwao lilikuwa likiletwa bure jarida kutoka Urusi, lenye picha za matrekta na ukurasa wa vijana wanaotafuta marafiki wa barua. Mwanzoni mwa 1985 aliandika kwa msichana wa rika lake aitwaye Lyuba, aliyeishi katika mji wa Pripyati, huko Ukraine. Lyuba alijibu. Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini alieleza mambo: kwamba wanakaa ghorofa ya tisa, kwamba baba yake anafanya kazi kwenye kinu cha nyuklia, kwamba mjini kwao kumepandwa mawaridi mengi. Eufrazia aliwasomea wenzake bwenini habari za lifti, na hawakumwamini. Zilikuja barua saba, na ya saba ilimfikia Julai 1986. Wakati huo redio ilikuwa imeshatangaza kwamba kinu kimelipuka usiku wa tarehe 26 Aprili, na kwamba siku iliyofuata watu wote wa mji ule walipakiwa kwenye mabasi wakaambiwa wanaondoka kwa siku tatu. Hawakurudi tena.

Aliendelea kuandika. Alijua mji hauna mtu, lakini hakuwa na anwani nyingine, na alijisemea kwamba posta lazima itajua watu wamepelekwa wapi. Barua zake tatu, alizoziandikia anwani ya nyumbani, zilirudi Mpanda na mhuri wa Kirusi. Hakuziona, kwa sababu aliyekuwa akitumwa stesheni kuchukua barua za nyumbani alikuwa Gervas, naye alizificha.

Machi 1988, Eufrazia akiwa nyumbani amemaliza kidato cha nne, Gervas alimletea barua ya Lyuba. Bahasha ilikuwa na stempu ya Urusi, iliyobanduliwa kwenye bahasha ya zamani. Maneno alikuwa ameyabuni Gervas. Kiingereza kiliandikwa na rafiki yake Fabiani, aliyeishia kidato cha pili, na kwa kuwa Kiingereza cha Lyuba mwenyewe hakikuwa kizuri, makosa hayakuonekana. Barua ilisema Lyuba yu hai, nywele zimekatika, na anayemkumbuka kila siku ni Eufrazia. Eufrazia aliisoma mlangoni, akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake jeupe, akalia kwa furaha. Vijana wale wawili walikwenda nyuma ya nyumba wakacheka mpaka mbavu zikauma.

Walikusudia iwe barua moja. Zilifika nne, kwani majibu yake Eufrazia alikuwa akimpa Gervas ayapeleke posta. Katika ya pili walimbuni kaka wa Lyuba, injinia, ambaye ameiona picha ya Eufrazia na hapati usingizi, na ambaye atakuja Tanzania kufanya kazi ya reli. Katika ya tatu injinia aliomba asubiriwe.

Eufrazia alisomea ualimu kuanzia 1988 hadi 1990, kisha akapangiwa shule ya msingi huko Mishamo. Hapo alimpata Mwalimu Deo, kijana mtaratibu aliyemsaidia kubeba maji siku ya kwanza tu alipofika. Deo alituma mshenga. Mzee Leodgar alifurahi, Mama Kasilda akaanza kukusanya vyombo. Eufrazia alikataa.

"Kuna mtu nimemwahidi," alimwambia Deo.

"Umeshawahi kumwona?"

"Nimemsoma."

Gervas aliisikia habari hiyo mezani, baba akipiga kelele na mama akilia. Angeweza kusema neno moja tu. Alimega ugali akaendelea kula, na mwezi uliofuata akapeleka barua ya nne.

Deo alioa mwalimu mwingine, Desemba 1992. Eufrazia alihudhuria, akiwa amevaa kitenge kipya, akisaidia kugawa chakula. Fabiani, aliyekuja na Gervas, alikuwa amekunywa. Alipofikiwa na sahani yake, alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa maharusi, "Dada Eufrazia, mchumba wako wa Urusi mimi ndiye ninayemwandikia! Muulize Gervas!" Watu walicheka, wakidhani ni utani. Eufrazia alimtazama mdogo wake usoni, akaona. Alimaliza kugawa sahani zote. Kisha alimfuata Gervas pale alipokaa, akamwambia maneno haya tu: "Bora ungeniandikia kwamba amekufa."

Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka thelathini na miwili, alimsalimia Gervas kama anavyosalimiwa mtu wa njiani, na hakupokea kitu chochote kutoka mkononi mwake.

Mwaka 1994 alihamia Katumba, na huko alifundisha jiografia hadi mwili ulipomkatalia. Kila Aprili aliuchora mji wa Pripyati ubaoni: mitaa, shule, bwawa la kuogelea, jengo la ghorofa tisa. Alikuwa akiandika kwenye daftari kila alichosikia kuhusu mji ule: miti iliyoota sebuleni, mbwa mwitu barabarani, madaftari ya watoto yaliyobaki juu ya madawati. Wanafunzi walimwita Mwalimu Mionzi. Walimu wenzake nao walimwita hivyo, naye akisikia. Mwaka mmoja mwanafunzi aitwaye Dorika alinyoosha mkono. "Mwalimu, waliambiwa watarudi lini?"

"Baada ya siku tatu."

"Kina bibi yetu waliambiwa wiki mbili."

Karibu darasa zima walikuwa wajukuu na watoto wa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Wiki ile ile baba yake Dorika, Bwana Evodi, mkulima wa tumbaku aliyefiwa na mke, alikuja shuleni akisukuma baiskeli. "Nasikia unafundisha habari za kwetu," alisema. Eufrazia alimweleza kwamba ni mbali, ni Ulaya. Evodi aliuliza, "Vyungu vilibaki jikoni?" Akajibiwa ndiyo. "Basi ni kwetu," akasema, na akaomba aonyeshwe ile picha tena.

Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1998. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Majirani walianza kusema kwamba zile barua za Urusi zina sumu, na Mama Kasilda, kwa uchungu wa mzazi, alizichoma barua zote saba za Lyuba siku ambayo binti yake alikuwa hospitali. Zile nne za uongo zilinusurika, kwa kuwa Eufrazia alikuwa amezifungia kwenye kabati la shule. Hivyo katika maandishi yote ya urafiki ule, yaliyobaki duniani ni ya Gervas. Mwaka 2001 alizaliwa Aneth, mzima wa afya.

Mwaka 2019 Aneth alimnunulia mama yake simu ya kisasa, akamwonyesha namna ya kutafuta video. Kila akitoka shuleni Mwalimu alikaa kibarazani akiwatazama watalii wakitembea ndani ya Pripyati, wakipiga picha za vitanda na midoli. "Wanaingia na viatu," alikuwa akilalamika. Alihesabu ghorofa, akitafuta dirisha. Mwaka 2021 Aneth, kwa nia njema, aliingia kwenye kundi la mtandaoni la waliokuwa wakazi wa mji ule, akauliza, akampata Lyuba. Yu hai, ana wajukuu, anaishi Kiev. Jibu lake lilikuwa sentensi tatu: kwamba alikuwa na marafiki wengi wa barua wakati ule; kwamba wa Tanzania hamkumbuki, samahani; kwamba anawatakia afya njema.

Aneth aliogopa kumwonyesha mama yake, lakini alimwonyesha. Eufrazia alisoma mara mbili. "Angalau hii ameiandika mwenyewe," alisema, akarudisha simu, akaenda kuchambua maharage.

Saratani ya shingo ya kizazi iligundulika Juni 2023. Alipelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, siku ishirini na tano. Siku ya kwanza alimuuliza fundi wa mashine, "Mwanangu, hii ndiyo ile ile iliyofukuza watu?"

"Ndiyo mama. Ila hapa tunaipima."

"Na kule kulikuwa na watu wanaopima," alimjibu, akapanda kitandani.

Alirudi amepata nafuu, lakini mwishoni mwa 2024 ugonjwa ulirejea, na safari hii madaktari hawakumficha. Watu wa mtaani walisema ni zile barua. Walisema wakiwa wamekaa kitandani kwake.

Februari mwaka huu Gervas, ambaye ni fundi pikipiki Kashaulili, mjini Mpanda, alikwenda Katumba. Alipiga magoti kando ya kitanda cha dada yake, Aneth na Evodi wakiwepo, akasema, "Dada, nisamehe. Nilikuwa mtoto."

"Ya kwanza ulikuwa mtoto," alisema Eufrazia. "Ya nne ulikuwa mtu mzima."

Alipumzika kidogo, kisha akaendelea. "Wasifu wangu utauandika wewe. Hiyo kazi unaijua. Uandike yote, usome mwenyewe mbele ya watu. Deo aalikwe. Jibu la msamaha wako nimempa Aneth. Ukimaliza kusoma, muulize."

Gervas alimwomba ampe jibu hapo hapo, akiwa hai. Eufrazia aligeukia ukutani.

Mwalimu Eufrazia alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Katumba, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Ameacha mume, Bwana Evodi, binti yake Aneth, na Dorika aliyemlea kama wake, wajukuu wawili, na mdogo wake, Gervas, ambaye ndiye aliyeandika kurasa hizi na ndiye anayezisoma. Hakusaidiwa na mtu, na hakuna alichokibuni. Jibu hajaambiwa. Aneth amekaa mstari wa mbele.

Bwana amlaze Eufrazia mahali pasipo na mtu wa kumdanganya.