Mwalimu Ernesti Hiza na Watoto wa Kambi ya Mkonge

Manundu, Korogwe, tarehe 11 Septemba 1957. Wasifu umesomwa na Raheli Hiza, mdogo wake marehemu.

Ndugu, majirani na wote mliofika: tuliyemleta hapa leo ni Ernesti Hiza, mwalimu. Tangu juzi nyumba imejaa watu wanaomsifu, na baadhi yao ni wale wale waliokuwa wakivuka upande wa pili wa barabara walipomwona anakuja na watoto wa kambini. Marehemu hakuwa na uvumilivu na mambo ya namna hiyo. Ukimletea unafiki, alikunja uso kama mtu aliyetafuna kidonge cha kwinini, na hakujali wewe ni nani. Familia imekubaliana kwamba wasifu wake usomwe kwa uso ule ule.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1906 huko Mazingara, Handeni, mtoto wa tatu wa mkulima mzee Hiza na mkewe, mama Maua. Utoto wake ulikatizwa na vita vya Mjerumani na Mwingereza, na njaa iliyofuata iliwachukua kaka zake wawili. Hilo hakupenda kulizungumzia, nasi hatutalizungumzia.

Mwaka 1919 mjomba wake alimchukua akamwingiza shule ya misheni, upande huu wa Korogwe. Alifika akiwa na funza miguu yote miwili, anatembea kwa visigino. Mwalimu aliyekuwa zamu alishika pua, akasema, “Mwondoeni huyu, arudi akishakuwa mtu.” Aliyemzuia asirudi kwao ni mpishi wa misheni, mama Grasiana. Alimkalisha jikoni, akawa anamtoa funza kwa pini, huku akimwambia ahesabu kwa sauti ili asilie. Ndiyo maana binti wa kwanza wa marehemu anaitwa Grasiana. Ernesti alisoma, akashinda, akamaliza ualimu mwaka 1927. Lakini hakumsahau yule mwalimu aliyeshika pua, na tangu hapo kitendo cha mtu mzima kushika pua mbele ya mtoto kilimtia kichefuchefu cha kweli, si cha maneno.

Alianza kazi Handeni mwaka 1928. Tarehe 18 Julai 1931 alimwoa Josefina, binti wa Kishambaa kutoka Mpale. Wazee wa pande zote mbili walinung'unika, huku wakisema Mzigua atamshushaje mtoto wa milimani aje ale ugali wa nchi ya joto. Josefina alishuka, akala, na akamzalia watoto watatu. Waliishi pamoja miaka ishirini na sita, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa juu ya chumvi.

Mwaka 1936 alihamishiwa shule ya kambi katika shamba la mkonge lililo ng'ambo ya mto, upande wa Handeni. Walimu wenzake walimpa pole kama aliyefiwa. Shule yenyewe ilikuwa banda la makuti nyuma ya nyumba ya brashi, mahali nyuzi za mkonge zinaposafishwa, na vumbi lake lilikuwa likiingia darasani asubuhi hadi jioni. Watoto walikuwa wa manamba: Wanyamwezi, Waha, Wabena, watu walioletwa kwa mkataba kutoka mbali na kupangwa kwenye mistari ya vyumba. Walisoma hadi darasa la nne, kisha wavulana wakapewa panga la kukatia mkonge na wasichana wakaolewa. Hakuna aliyeona ajabu. Ernesti alipouliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda shule ya bweni, na kutoka huko chuoni, alijibiwa kwamba watoto wale hawana kwao. Alisema jibu lile lilimnukia kuliko maji ya mkonge yanayooza mtaroni.

Mwaka 1945 alipata mtoto wa kujaribu naye njia hiyo ya bweni. Aliitwa Shida, binti wa mkata mkonge wa Kinyamwezi, Kasmiri Mihayo. Shida alikuwa na akili ambayo mwalimu huiona mara moja akaogopa kuiharibu. Alishinda mtihani wa maandishi kuwapita watoto wote wa wilaya. Ilibaki kamati ya kuchagua wasichana wa shule ya bweni, ambayo ndiyo ilikuwa mlango wa pekee wa kwenda chuo cha ualimu. Ernesti alimpeleka mwenyewe, akaketi nyuma kabisa ya chumba.

Karani wa kamati, Bwana Lukasi, alitoa leso akaifunika pua kabla mtoto hajafungua mdomo. Kisha akauliza, “Baba yako anaitwa nani?”

“Mia nne na kumi na saba,” Shida akajibu.

Kamati nzima ilicheka. Bwana Lukasi alicheka hadi leso ikahama kutoka puani kwenda machoni. Mtoto alisimama tu, hajui amekosa nini, kwa maana hiyo ndiyo namba ya kazi ambayo nyapara alimwitia baba yake kila alfajiri, ndivyo wenzake walivyomwita, na mama yake alikuwa amefariki kabla ya kumwambia vingine. Jina la Shida likakatwa. Ernesti alimshika mkono wakatoka. Walipofika kivukoni alikaa juu ya jiwe akatapika. Josefina alipomwuliza nyumbani kama amekula kitu kibaya, alisema, “Nimeangalia watu wazima wakicheka.”

Ila alijilaumu pia. Alikuwa amemfundisha mtoto mito ya Afrika na sehemu za desimali, akasahau kumfundisha namna ya kukaa mbele ya watu wanaomdharau. Tangu siku ile, kila Alhamisi, sebule yake ikawa kamati. Josefina alivaa kofia ya mumewe, akaketi nyuma ya meza, leso puani, akauliza maswali ya kiburi. Watoto walijifunza kuketi kwenye kiti bila kuning'inia ukingoni, kuangalia usoni, kutaja jina la baba na la babu, na kuendelea kujibu hata wakichekwa. Josefina aliiweza kazi ile mno. Kuna watoto wa kambini ambao hadi leo wakikutana naye sokoni husimama wima na kutaja majina ya babu zao. Tunaomba radhi kwa niaba yake.

Mwaka 1946 Shida alirudi mbele ya kamati. Alijibu kila kitu. Bwana Lukasi alipoishiwa maswali, alifunga kalamu yake, akasema, “Vizuri. Sasa, jumbe wako ni nani? Nafasi hizi ni za watoto wa wenyeji. Lazima jumbe aje aseme huyu ni wake.” Lilikuwa sharti ambalo mwaka uliotangulia halikutajwa. Jumbe wa upande ule, mkuu wa wenyeji, alikuwa Sadala, na Sadala alipoendewa alisema yeye hawezi kumdhamini mtoto wa namba, kesho watamjia wote. Kamati ilimpa Ernesti mpaka mwisho wa mwezi.

Alimwendea mara tatu. Mara ya tatu hakukaribishwa hata kuketi. Siku chache baadaye mama yake Sadala akafariki, Mungu amrehemu, na ndipo Ernesti alipomfuata Kasmiri Mihayo kambini.

“Kasmiri, wewe ni Mnyamwezi?”

“Mwalimu, leo umelewa?”

“Na Sadala ni Mzigua. Ni mtani wako au si mtani wako?”

Kasmiri aliweka panga lake chini. Kisha akaenda kuoga.

Mnajua wote watani wanavyofanya msibani. Jeneza la yule bibi lilipofika kaburini, Kasmiri alikuwa ameshashuka ndani, amelala chali, mikono kifuani. Alisema bibi huyu alikuwa mchumba wake na kwamba hatoki. Watu walicheka, wakamrushia senti na kuku. Alizirudisha senti juu, kuku akamwachia akimbie.

“Sitaki kuku wako, Sadala. Nataka neno. Mtoto wangu Shida amezaliwa katika nchi yako, kitovu chake kimezikwa katika nchi yako. Ni wa nani?”

“Toka, bwana, maiti anasubiri kwenye jua hili,” Sadala akasema.

“Asubiri. Ni mtani wangu, ananijua. Ni wa nani?”

Hapo kicheko kilipungua. Mtani hatolewi kaburini kwa nguvu; anayemtoa kwa nguvu amejitia nuksi yeye na nyumba yake. Sadala alitazama huku na huku, akakuta wazee wote wanamwangalia yeye.

“Ni wa kwangu,” akasema.

“Sema na watu wa nyuma wasikie.”

“Shida binti Kasmiri ni mtoto wa kwangu! Haya, toka!”

Kasmiri akatoka, akajifuta udongo, akambeba marehemu pamoja na wengine kwa heshima zote. Neno lililosemwa juu ya kaburi la mama halirudi nyuma. Jumatatu Sadala alikwenda mwenyewe kwenye kamati, na Shida akaandikwa.

Kambi ilicheza ngoma siku mbili. Ernesti hakwenda. Alikaa uani amekunja uso, na mkewe alipomwambia afurahi, alisema: “Nimefurahi nini? Mtoto amewashinda wote, na bado imebidi baba yake alale shimoni na kufanya mzaha ndipo apewe kilicho chake. Ningeweza kuwatemea mate.” Ndivyo alivyokuwa. Ushindi wake mkubwa aliumeza kama dawa chungu, akarudi darasani.

Shida alimaliza chuo cha ualimu mwaka 1953. Angeweza kupangiwa kwingine. Aliomba banda lile lile nyuma ya nyumba ya brashi. Baada yake wamekwenda chuoni watoto wengine wa kambini, na kila mmoja alipitia sebuleni kwa Josefina. Ernesti alimfuata kila mmoja hadi mlangoni mwa bweni, akihakikisha ana blanketi na kwamba hajaachwa nyuma ya foleni. Mwezi wao wa kwanza bwenini aliwaandikia wote, kwa sababu alisema ndio mwezi ambao mtoto maskini hufunga mizigo yake kimya kimya akarudi nyumbani.

Kifua chake kilianza kumsumbua mwaka 1954. Daktari alisema ni vumbi la miaka mingi, kisha akasema ni kifua kikuu. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Mwezi wa Agosti mwaka huu baadhi ya wanakamati walikuja kumwona hospitali na kapu la machungwa. Aligeukia ukutani hadi walipoondoka, kisha akamwambia muuguzi machungwa yapelekwe wodi ya watoto, kwa kuwa machungwa hayana kosa. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Septemba 1957, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Josefina, watoto watatu, Grasiana, Yordani na Dominiko, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake. Amemwacha Mwalimu Shida binti Kasmiri, aliyesimama pale na darasa lake. Na amemwacha Mashavu, mtoto wa Muha wa kambi ile ile, ambaye mwezi uliopita alishinda mtihani akakataliwa na kamati kwa sababu wamesema hana kwao. Mwaka ni 1957. Habari hiyo Ernesti aliipata akiwa kitandani. Hakula tena vizuri baada ya hapo.

Bwana Lukasi, tumekuona. Umekaa mstari wa mbele, na leso umeishika. Marehemu alituachia agizo moja kuhusu maziko haya, nasi tunalitimiza mbele ya watu wote: wewe na kamati yako mnaombwa msimfukie. Mkitaka kumpa heshima, mjue Mashavu yuko hapa, amesimama pembeni ya Mwalimu Shida, na ofisi yenu ipo wazi kesho asubuhi.

Kaka, Mungu akupokee, akulaze mahali pasipo na vumbi.

Makoleo wapewe watu wa kambini.