Nondo za Juu ya Paa

Usinikunjie uso, Shahati, wala usimkonyeze mdogo wako Fuadi kwamba mama kaanza tena, maana siku msingi wa nyumba hii unachimbwa wewe ulikuwa tumboni mwangu na mimi ndiye niliyebeba ndoo za mchanga, kwa hiyo ukitaka kubisha, bishana na shingo yangu. Sikilizeni wanangu. Na wewe Hamuda, mjukuu wangu unayetaka kumwoa Ikbali, weka simu chini.

Hapa palikuwa shamba la majani ya ng'ombe, na mfereji ukipita katikati. Kibali cha kujenga shambani hakitolewi, basi baba yenu Metwali akangoja Idi, kama wanavyongoja wote mtaani, maafisa wakiwa makwao wanakula nyama, tukamwaga zege siku tatu mfululizo. Mfereji tuliufukia kwa vifusi na takataka, Mungu anatujua. Nondo zikapungua, fundi akasema, "Bwana Metwali, hii itabeba ghorofa tatu. Ya nne isahau." Baba yenu akacheka. "Tatu zinanitosha, kwani nitazaa jeshi?" Lakini juu ya paa akaacha nondo zimechomoza, kama walivyofanya majirani, watoto wakikua waendelee.

Mkakua. Shahati akaoa, ghorofa ya nne. Fuadi akaoa, ya tano. Baba yenu aliniapisha nisiseme, kwani nani angeoza binti yake kwenye nyumba yenye msingi wa takataka? Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, sitaki mtu anitetee.

"Mama, mbona imesimama miaka arobaini?" Hata nyumba ya Bayumi, mtaa wa nyuma, ilisimama, mpaka ile Ijumaa watu wakiwa wanakula maharage, na kilichotoka kizima ni ufagio. Mlango wangu huu wa chini nilikuwa naufunga kwa kidole. Tangu ghorofa ya tano umepigwa randa mara saba. "Mbao imevimba, bibi," seremala ananiambia. Ivimbe kwa maji gani, katika jua hili la Misri? Nyumba inakaa chini, wanangu, polepole, kama ninavyokaa mimi nikiswali, goti moja kwanza.

Mtaniuliza twende wapi. Serikali ilimpa dada yenu Nagati nyumba jangwani walipobomoa kwake wajenge daraja la magari. Barabara pana, kuta zimenyooka, na mkate hakuna. Basi moja asubuhi, moja jioni, mumewe anamaliza mshahara kwa nauli ya kuufuata huohuo mshahara. Huku tunangoja kuangukiwa, kule wanangoja basi. Sina mahali pa tatu pa kuwapa.

Sasa wosia wangu. Chumba changu ni cha Nagati, akikitaka. Ghorofa zenu ni zenu. Paa siliachii mtu. Nondo zile zikatwe, ziuzwe, Hamuda apange vyumba viwili kokote.

"Bibi, baba yake Ikbali kasema bila nyumba hakuna harusi."

Najua alichosema! Najua pia kuna mifuko ya saruji chini ya ngazi, mmeifunika kwa mkeka wangu wa kuswalia, na Idi ni wiki ijayo. Mnanikalisha hapa mnaitikia "ndiyo mama, ndiyo mama", na fundi mmeshampa siku. Nyinyi ni baba yenu mtupu.

Ngoja... nivute pumzi.

Basi mtajenga. Sitawalaani, ningelaani wajukuu wangu walio ndani. Ila watoto walazeni upande wa barabara, msiwalaze upande wa mfereji. Mlango wa nje usipigwe komeo. Mkisikia ukuta unalia msitafute viatu. Sanda yangu iko kwa Nagati, nami nakwenda huko huko, nikafie mahali ambapo hakuna mkate. Mungu awashike kwa mkono wake, wewe Shahati, wewe Fuadi, wewe Hamuda na huyo Ikbali wako, awashike hasa, kwa sababu hicho kilicho chini yenu hakiwashiki.

Niachie mkono. Nimesema mlango huu nitaufunga mwenyewe... Kwa bega, basi. Tena... Mmesikia unavyokwaruza sakafu?

Haya. Umefungika.