Risasi ya Njano ya Kocha Verlyn

Ndugu, jamaa na wanafunzi wa timu, mimi ni Solveig, binti wa marehemu, familia imenituma nisome, nami naogopa, na sababu yake nitaisema.

Baba yetu, Verlyn Haugdahl, alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje ya mji wetu wa Tolley Lake, Minnesota, akasoma hapa hapa, akamaliza sekondari mwaka 1969, baadaye akafundisha useremala katika shule ile ile kwa miaka thelathini na minne, na tarehe 12 Juni 1976 akafunga ndoa na mama yetu, Ardis, ndani ya kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Leif na mimi.

Mwaka 2004 alianzisha timu ya shule ya kulenga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, watoto sita, leo ni arobaini na mmoja, na ninyi wazazi mmemcheka sana kwa kupapasa mifuko ya kila mtoto kabla hajakanyaga mstari wa kufyatulia, mkimwambia, "Verlyn, unatafuta pipi?" naye akijibu, "Ndiyo, za njano," basi. Aliwaambia kwamba siku moja yeye mwenyewe alizembea. Hakuzembea, alinifichia aibu mimi.

Tarehe 17 Mei 2008, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilivaa kizibao cha Leif, aliyetumia bunduki ndogo, mfukoni zikiwa zimebaki risasi zake mbili za njano, nyembamba kuliko zangu nyekundu, nami nikatumbukiza moja katika bunduki yangu kubwa bila kutazama, ikateleza ikakwama ndani ya mtutu, nikaita kisahani kirushwe, nikafyatua, ikalia ta tu, nikafungua, nikaona patupu, nikadhani nimesahau kupakia, nikatia risasi nyekundu nyuma ya ile ya njano. Ningefyatua tena, mtutu ungenipasukia usoni, na Annika Brekke aliyesimama kushoto kwangu, ambaye leo ameketi pale na mwanawe, sijui angekuwa wapi. Baba aliusikia ule mlio mkavu, akaja bila kukimbia, akanishika mkono, akasema, "Usifunge, mama, usifunge," akaitoa nyekundu, akasukuma ufito mtutuni, ya njano ikadondoka majanini, na jioni akawaambia wazazi kosa ni lake.

Aliugua saratani ya kongosho tangu Oktoba mwaka jana, akafariki tarehe 2 Aprili 2024, na wiki moja kabla ya hapo alinikabidhi timu pamoja na risasi ile ya njano, aliyokuwa ameitunza, nikamwambia, "Baba, naogopa," akasema, "Mimi nimeogopa miaka ishirini, ndiyo maana watoto wote bado wana macho."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliosukuma theluji mlangoni kwetu, walimu wenzake, na akina mama walioandaa chakula kilichopo ukumbi wa chini wa kanisa.

Mazoezi ni Jumatatu, tarehe 8, saa tisa na nusu alasiri, na kwa kuwa sasa mnajua nilichofanya, asiyemleta mtoto wake sitamlaumu, ila atakayekuja nitampapasa mifuko yote, mara mbili. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, niliipapasa na ya Baba, ilikuwa mitupu.

Pumzika, Baba, mstari umebaki na mimi.